SOMO: Kupima sumu inayotoka kwenye udongo mchafu ikaingia majini

Asalam alaykum jamani. Juzi kaka mmoja kaniletea mfuko wa udongo kutoka uwanja wa gereji wanapovunjia betri mbovu, hapa hapa Unguja, ananambia nipimie kuna risasi (ile metali ya kwenye betri, lead) kiasi gani humu. Nkamwambia swali lako silo hilo. Risasi kuwemo ni jambo moja, kutoka ikaenda kisimani ni jambo jengine. Chukulia nazi, unaikamua kasimile inatoka nzito, tui la pili jepesi, na mafuta mengine yanabaki kwenye chicha hayatoki hata mkono ukuume. Kipimo cha jumla kinakwambia nazi nzima ina mafuta mangapi. Hiki cha leo kinakwambia maji yakipita yanaondoka na nini.

Ntaeleza njia ya Ulaya, EN 12457-2, kwa sababu inatumia maji matupu.

1. Kuchukua udongo. Hapa ndo wengi wanaharibu. Usichote chepe moja pale peusi ukarudi nalo. Zunguka uwanja wote, chukua pahala 15 au 20, changanya juu ya turubai, fanya chungu, gawa mafungu manne, weka kando mawili yanayotazamana, yaliyobaki changanya tena, hivyo hivyo mpaka zibaki kilo mbili. Andika na aina ya udongo, kinongo, kichanga au wa maweni, mbele utaona kwa nini.

2. Chekecha upite tundu za milimita 4. Mabonge yavunje lakini usisage yakawa unga, maana utatoa sumu ambayo mvua isingeifikia. Na huu utakaoupima usiukaushe kwenye oveni, chukua kidogo pembeni ndo ukaushe kwa nyuzi 105 ujue unyevu.

3. Chupa ya plastiki ngumu ya lita 1, imeoshwa kwa asidi ya naitriki ikasuuzwa vizuri. Unataka gramu 90 za udongo mkavu kwa mililita 900 za maji yasiyo na madini, na yale maji yaliyomo tayari kwenye udongo yahesabu. Udongo ukiwa na unyevu wa gramu 12 kwa kila 100 kavu, basi unapima gramu 100.8 za ule mbichi na kuongeza mililita 889 tu.

4. Geuza chupa kichwa chini miguu juu, mizunguko 5 mpaka 10 kwa dakika, masaa 24. Mashine yetu tumeunga wenyewe, mota ya waipa na puli, inafanya kazi vizuri mpaka umeme ukatike, na ulikatika saa saba za usiku, asubuhi nakuta chupa zimetulia tuli udongo umelala chini. Nlitamani niongeze masaa tu nijifanye sijaona, lakini hapana, tukaanza upya na udongo mpya.

5. Iache itulie robo saa, chuja kwa karatasi ya maikromita 0.45, pima pH (kipimo cha ukali wa asidi, chini ya 7 ni asidi) hapo hapo, kisha tia asidi ya naitriki pH ishuke chini ya 2, bila hivyo risasi inagandia ukutani mwa chupa na mashine ya kupimia risasi itakusomea uongo. Chupa moja ya maji bila udongo ipite njia hiyo hiyo yote, ikitoka na risasi basi mchafu ni wewe.

Hesabu: tuseme mashine imesoma miligramu 0.08 kwa lita. Zidisha kwa 10, maana maji ni mara 10 ya udongo, unapata miligramu 0.8 kwa kilo ya udongo mkavu. Ulaya taka zilizo salama kabisa hazitakiwi kuzidi 0.5 kwa risasi, na zile zisizo hatari mwisho 10, kwa hiyo mfano wetu umeshindwa pa kwanza ukapita pa pili.

MASWALI

Mtoto wa Makunduchi: Mkuu mbona wengi wanataja TCLP, kile kipimo cha Marekani?

Jibu: Ile iliundwa kuigiza taka za kiwanda zilizotupwa pamoja na taka za majumbani, zinazooza na kutoa asidi. Ndo maana wanatumia asidi ya siki, maji mara 20 ya taka, mizunguko 30 kwa dakika, masaa 18 hivi, na kikomo cha risasi ni miligramu 5 kwa lita. Taka inayokwenda jaani sawa. Udongo wa uani unanyeshewa masika na vuli, nani kautia siki? Halafu udongo wetu wa maweni ni chokaa tupu, ukikutana na asidi unatoa gesi. Mie mara ya kwanza nlifunga kifuniko kisawasawa nkaenda kusali, narudi chupa imefura kama soda ilotikiswa, kufungua tu, mpaka darini. Fungua upumue kwenye robo saa, nusu saa, na saa moja.

Bi Wete: Kwa hiyo chokaa inatulinda?

Jibu: Kiasi, dada. Kwenye pH ya 8 hivi risasi inatulia. Lakini maji ya betri ni asidi kali, pale yanapomwagwa kila siku chokaa inaliwa ikaisha, na kinongo chenyewe hakina chokaa nyingi. Na chokaa ikizidi, mfano umechanganya saruji pH ikafika 12, risasi inarudi majini tena.

Mvuvi: Huku pwani visima vina chumvi, inabadilisha kitu?

Jibu: Inabadilisha hasa kadimiamu, metali nyengine yenye sumu, inashikana na chumvi na kutoka zaidi. Fanya chupa ya pili kwa maji ya kisima chenyewe, ila majibu yake usiyapime kwa vikomo vya Ulaya.

Fundi Jenereta: Udongo uliomwagikiwa oili chafu je?

Jibu: Sio kwa chupa hii, mafuta yanagandia kwenye plastiki. Tumia kioo, na petroli inayoruka inataka chombo kilichofungwa kabisa.

Mtoto wa Makunduchi: Nikitaka kujua kasimile na tui la pili mbalimbali?

Jibu: Hapo unajaza udongo kwenye bomba, unasukuma maji polepole kutoka chini kwenda juu, unakusanya mafungu 7, la kwanza maji ni sehemu moja ya kumi ya uzito wa udongo, la mwisho yamefika mara 10. Inachukua kama mwezi.

Bi Wete: Na ule udongo wa gereji ulitokaje?

Jibu: Namba ni za mwenyewe, sizimwagi hapa. Nimemwambia maji ya kisima kile nayo yapimwe, na wasiyanywe mpaka majibu yatoke.