Amekula Supu ya Mwani: Misemo na Lugha ya Mtandaoni ya Kikorea kwa Msemaji wa Kiswahili

Nilipokuwa mwaka wa pili wa kusoma Kikorea mjini Seoul, rafiki wa darasani aliniandikia kwenye KakaoTalk, programu ya ujumbe ya Wakorea: 미역국 먹었어 ㅠㅠ. Maneno yote nilikuwa nayajua. 미역국 ni supu ya mwani, 먹었어 ni "nimekula". Nilijua pia kwamba Mkorea hula supu hiyo siku yake ya kuzaliwa. Nikamjibu haraka, 생일 축하해!, hongera kwa siku ya kuzaliwa. Kumbe alikuwa amefeli mtihani. Mwani unateleza, na aliyekula supu ya mwani ameteleza. Alinitafuta apate pole, mimi nikampa pongezi, na jambo hilo liliniuma kuliko alama yoyote mbaya niliyowahi kupata darasani.

Ishara ilikuwepo, ila sikuitazama. Zile ㅠㅠ za mwisho ni macho mawili yanayochuruzika machozi.

Mwongozo huu ni njia niliyoishika baada ya siku ile, na ndiyo ninayowafundishia vijana wanaokuja kwangu wakijua majina ya waigizaji wote wa tamthilia za Kikorea lakini hawawezi kuandika ujumbe mmoja. Msingi wake ni huu: toka kwenye Kikorea uingie moja kwa moja kwenye Kiswahili, usipitie Kiingereza. Wengi wetu tunajifunzia kwenye programu na video za Kiingereza, na njiani tunapoteza mambo ambayo Kiswahili kingetupa bure.

Hatua ya 1: Shika herufi kwanza

Hangeul, maandishi ya Kikorea, ilikamilishwa na Mfalme Sejong mwaka 1443 na kutangazwa mwaka 1446. Herufi za msingi ni 24: konsonanti 14 na irabu 10. Wiki mbili zinatosha. Irabu ㅏ, ㅔ, ㅣ, ㅗ, ㅜ ziko karibu sana na a, e, i, o, u zetu. Kazi iko kwenye ㅓ na ㅡ, ambazo hatuna. Kama umelelewa Mombasa au Lamu, ambako paa la nyumba na paa wa porini hutofautishwa kwa pumzi, basi ㅋ, ㅌ na ㅍ hazitakusumbua, maana pumzi hiyo tayari unaisikia.

Usiandike Kikorea kwa herufi za Kilatini hata siku moja. Lugha ya mtandaoni ya Wakorea inatengenezwa kwa kuzinyofoa herufi zenyewe, kwa hiyo asiyeziona herufi hataona chochote.

Hatua ya 2: Daftari la mistari minne

Tupa daftari la safu mbili, neno huku na maana kule. Kila msemo upe mistari minne: msemo wenyewe, picha yake neno kwa neno, Kiswahili tunachosema sisi mahali hapohapo, na nani alimwambia nani. Mstari wa tatu ndio unaochukua muda. Usiandike tafsiri. Jiulize: jirani yangu angesema nini hapa?

Chukua 국수 언제 먹여 줄 거예요? Neno kwa neno: utanilisha lini tambi? Tambi hizo huliwa harusini, na urefu wake ni ishara ya maisha marefu. Mstari wa tatu hauhitaji kufikiri: "Lini tutakula pilau?" Shangazi yuleyule, swali lilelile, kijana yuleyule anayetazama chini. Ukiuandika hivyo hutausahau tena, wala hutajibu kwamba leo huna njaa.

비행기 태우다 ni kumpandisha mtu ndege, yaani kumsifia kupita kiasi. Sisi humvika mtu kilemba cha ukoka. Hapa lakini andika tofauti pembeni: kilemba cha ukoka kina harufu ya hila, ndege ya Wakorea mara nyingi haina. Ukisifiwa Kikorea chako ukajibu 비행기 태우지 마세요, unaonyesha unyenyekevu tu, hujamtuhumu mtu.

바가지 쓰다 ni kuvikwa kata, ile ya kibuyu ya kuchotea maji. Maana yake umeuziwa kitu kwa bei ya kukuumiza. Kariakoo tungesema "umepigwa". 얼굴이 두껍다, ana uso mnene, ni yule tunayemwita mwenye macho makavu. 파김치가 되다 ni kuwa kimchi, mboga ya kuchachusha, ya majani ya kitunguu: majani hayo yakitiwa chumvi hunywea na kulala, na ndivyo anavyokuwa mtu aliyerudi kazini hana nguvu hata ya kuvua viatu.

Misemo ya viungo vya mwili ni mingi mno, na ndiyo inayotega. 입이 무겁다, mdomo mzito, ni mtu anayetunza siri; 귀가 얇다, masikio membamba, ni anayekubali kila anachoambiwa. 발이 넓다, mguu mpana, ni mtu anayejuana na kila mtu. Mtego mkubwa ni 손이 크다, mkono mkubwa. Sisi tukisikia habari za mkono tunakimbilia mkono mrefu wa mwizi au mkono wa birika wa bahili. Mkorea anamsifu mama anayepika sufuria la watu kumi wakati wageni ni wanne. Na 배가 아프다, tumbo linauma, lina maana mbili zilizo hai: tumbo kweli, na kijicho. Methali yao inasema binamu akinunua shamba, tumbo lako linauma. Kinachoamua maana ni mazungumzo, kwa hiyo mstari wa nne usiuache wazi.

Misemo mitano kwa wiki inatosha. Ukitaka kufanya TOPIK II, mtihani wa Kikorea kwa wageni, sehemu ya kusoma kwa kawaida huwa na swali linalotaka msemo unaofaa kwenye nafasi iliyoachwa wazi, na daftari hili litakusaidia huko pia.

Hatua ya 3: Maneno ya kila siku, yale ambayo Kiingereza hakiyabebi

Hapa ndipo furaha yangu ilipo. Nimeona vitabu vinavyotumia nusu ukurasa kueleza 수고하세요, salamu anayopewa mtu aliye kazini unapomwacha. Kwa Mswahili maneno matatu yanatosha: pole na kazi. Ndugu yake, 고생했어, ni "pole" tunayompa mtu aliyehangaika na jambo, na kwa mkubwa inakuwa 고생하셨어요. Angalizo moja: kumwambia bosi au mzee 수고하세요 huonwa na wengi kuwa si adabu. Mpe dereva, muuza duka, mlinzi.

밥 먹었어요?, umekula?, mara nyingi ni kujuliana hali, wala si mwaliko. 우리 엄마 ni "mama yetu" hata kama anayesema ni mtoto wa pekee, na sisi tunaosema "nyumbani kwetu" tukiishi peke yetu hatuna sababu ya kushangaa. 서비스 ukilisikia mgahawani limeletwa na sahani ya mayai ambayo hukuagiza, ni nyongeza, bure, kama ile nyanya ya ziada unayotupiwa gengeni.

Majina ya kuitana ndiyo muhimu kuliko yote. Mhudumu wa mgahawa mdogo mwenye umri wa mama yako huitwa 이모, yaani dada wa mama. Mwenye duka ni 사장님, kama tunavyosema "bosi" kwa mtu ambaye hajatuajiri. Mwanamke humwita dada mkubwa 언니 na kaka mkubwa 오빠. Mwanamume husema 누나 na 형. Wanafunzi wangu wa kiume wanaojifunzia kwenye tamthilia humwita kila kijana 오빠 kwa sababu ndilo neno walilolisikia zaidi. Andika kwenye mstari wa nne jinsia ya msemaji, kosa hilo litakwisha.

Ukishazoea kwamba huwezi kumwamkia mzee "mambo", umeshaelewa nusu ya 존댓말 na 반말, lugha ya heshima na lugha ya wenzako. Ile 요 ya mwisho wa sentensi ichukue kwa uzito wa shikamoo.

Hatua ya 4: Fungua lugha ya mtandaoni kwa namna inavyotengenezwa

Usikariri orodha. Jifunze mitambo, kisha orodha utaitengeneza mwenyewe.

Mtambo wa kwanza ni kubakiza konsonanti. ㄱㅅ ni 감사, asante. ㅊㅋ ni 축하 inavyosikika mdomoni, hongera. ㅈㅅ ni 죄송, samahani. ㅇㅇ ni "ee", ㄴㄴ ni "hapana hapana", ㅇㅈ ni 인정, "nakubali". Sisi tulioandika "cjui" na "2po" kwenye meseji tunaujua mchezo huu. ㄷㄷ inatoka kwenye 덜덜, kutetemeka, na huandikwa mtu akiona jambo la kutisha au la kustaajabisha. Kikorea kimejaa maneno ya namna hiyo: kitu kikitumbukia majini ni 풍덩, kwetu chubwi, moyo ukienda mbio ni 두근두근. Lugha zinazosema "giza totoro" na "kimya jii" zinaelewana hapa.

Kicheko kina vipimo. ㅋㅋㅋ ni kucheka kweli, ㅎㅎ ni tabasamu la upole. ㅋ moja peke yake inaweza kusomeka baridi, hata kama dharau. Mtu akikujibu 네 ㅋ, "ndiyo" yenye ㅋ moja, tulia kwanza usome upya ulichomwandikia.

Mtambo wa pili ni kuchukua silabi ya kwanza ya kila neno. 얼죽아 ni 얼어 죽어도 아이스 아메리카노: hata nikifa kwa baridi, kahawa yangu ni ya barafu. Utaelewa ukiwaona Januari wanatembea kwenye theluji na barafu kwenye kikombe. 갑분싸 ni ghafla hali ya hewa imepoa, mtu amesema jambo na wote wamenyamaza. 내로남불 limefika hadi kwenye siasa: nikifanya mimi ni mahaba, akifanya mwingine ni uzinzi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Mtambo wa tatu unaunganisha vipande. 꿀잼 ni asali na raha, yaani tamu sana. 노잼 ni isiyo na raha. 읽씹 ni kusoma na kutafuna: kwenye KakaoTalk namba 1 iliyo kando ya ujumbe hupotea ukisomwa, basi ikipotea na jibu lisije, ujumbe wako umetafunwa.

Mtambo wa nne ni wa macho na masikio. 댕댕이 ni mbwa, kwa sababu 멍멍이 ukiitazama haraka inafanana nayo. 라떼는 말이야 inasikika kama 나 때는 말이야, "enzi zangu mimi", na hutumiwa kumchokoza mkubwa anayehubiri habari za zamani. Mkubwa huyo ni 꼰대. Mchezo huu una mizizi. Miaka ya 1990, enzi za peja, walitumiana namba: 1004 husomeka kama malaika, 8282 kama "haraka haraka", na 486 ni idadi ya mistari ya kuandika 사, 랑 na 해, nakupenda. Hiyo ya mwisho nimeipenda tangu siku niliyoijua.

Ongeza jambo moja la sarufi. Kwenye mtandao utaona sentensi zimekatwa mwishoni kwa 음 au ㅁ: 밥 먹었음, "nimekula", 시간 없음, "sina muda". Inafanana na kuandika taarifa fupi, haina heshima wala ukosefu wa heshima. Isome, lakini usiizungumze na mtu uso kwa uso.

Hatua ya 5: Pima umri na ukali wa neno kabla ya kulitumia

Maneno ya mtandaoni yanachakaa kama ya vijiweni. Kwa maana za kawaida tumia 한국어기초사전, kamusi ya wanaojifunza. Kwa maneno mapya tumia 우리말샘, kamusi ya wazi iliyofunguliwa mwaka 2016, ambayo watu huchangia maneno wenyewe. Zote mbili ni za Taasisi ya Kitaifa ya Lugha ya Kikorea. Kisha muulize Mkorea wa rika lako: 이 말 요즘도 써요? Neno hili bado linatumika? Sentensi hiyo moja imenifundisha kuliko kozi nzima.

Kuna mambo mawili ninayowakataza wanafunzi wangu waziwazi. Neno linaloishia na 충 humwita mtu mdudu kwa ajili ya umri wake, kazi yake au uzazi wake. Liache. Na 개 au 존 mwanzoni mwa neno, kwa maana ya "sana", vina asili chafu hata kama vijana wanavitumia siku nzima. Vielewe ukivisikia, lakini mdomoni mwa mgeni vinasikika vibaya zaidi.

Hatua ya 6: Andika, kila siku, kwa mtu halisi

Chagua msemo mmoja kutoka daftarini na neno moja la mtandaoni, uwaandikie watu wawili: wa rika lako kwa 반말, na mkubwa kwa 요. Kwa mkubwa ondoa ㅋㅋ, ondoa ㅇㅇ, andika 네. Zoezi hili huchukua dakika kumi, na makosa yatatokea mapema, yakiwa bado madogo.

Na rafiki akikuandikia kesho kwamba amekula supu ya mwani, angalia mwisho wa ujumbe. Kama kuna ㅠㅠ, andika 고생했어, umwache aseme. Kama hakuna, muulize: 오늘 생일이야? Leo ni siku yako ya kuzaliwa?