Taa ya Joto Isimuunguze Kinyonga Wako

Kinyonga huungua akiwa ametulia. Haruki, hapigi kelele, na mara nyingi hata hashuki kwenye tawi. Ndiyo maana mfugaji anayempenda mnyama wake anaweza kupita mbele ya kizimba asubuhi, mchana na jioni bila kujua kwamba mgongo unaiva.

Ushauri huu nauandika kwa wenzangu mnaofuga vinyonga kwenye nchi za baridi, ambako bila taa mnyama huyu hawezi kuishi. Wengi wenu mna kinyonga wa Yemeni, yule mwenye nundu iliyosimama kichwani kama kilemba. Wengine mna yule wa pembe tatu, ambaye asili yake ni nyanda za juu za Kenya na Mlima Meru.

Anza kwa kuelewa kwa nini hakimbii. Kwenye ua wa shamba kule milimani, asubuhi yenye umande, kinyonga hugeuza ubavu upande wa jua, akajibana akawa bapa kama jani, na ubavu ule ukawa mweusi ili unywe joto. Jua hupasha ubavu wote pamoja na tawi, majani na hewa inayomzunguka. Mwili ukishapata joto la kutosha, anaondoka. Balbu haifanyi hivyo. Inachoma sehemu ndogo ya juu tu, yaani ncha ya kilemba na uti wa mgongo, huku tumbo likiwa bado baridi. Tumbo likiwa baridi, mwili unadai joto zaidi, naye anazidi kusogelea taa. Kosa si la mnyama, ni la jinsi tulivyoiweka taa.

Nami nilimuunguza wangu. Ilikuwa Januari, Minneapolis, nyumba imepoa hadi nyuzi 17. Balbu ya wati 60 ilikufa, nikachukua ya wati 100 iliyokuwa kabatini nikaifunga palepale. Siku ya tatu niliona doa jeusi kwenye ncha ya kilemba. Nikajiambia ni rangi tu, maana kinyonga kazi yake ni kubadilika rangi. Nilipoteza siku mbili kwa wazo hilo, na bado linaniuma. Basi fanya hivi: usiku akiwa amelala, mmulike kwa tochi kidogo. Kinyonga akilala hupauka mwili mzima. Rangi ya kawaida itakuwa imefifia, bali doa la moto litabaki jeusi au kahawia vilevile. Baada ya siku kadhaa ngozi hiyo hukauka, au huvimba malengelenge, kisha hushika kigaga.

Kipimo cha joto kichukuliwe pale mgongo unapofika, si kwenye tawi. Hapa ndipo wengi tunapokosea, kwa sababu kati ya tawi na ncha ya kilemba cha dume aliyekomaa pana sentimita nyingi, na kila sentimita inayokaribia taa inaongeza joto. Chukua kijiti, kifunge kisimame juu ya tawi analootea, kisha kwenye ncha yake ufunge kihisio cha kipimajoto chenye waya. Washa taa, subiri saa nzima, ndipo usome. Kwa Yemeni mkubwa, nyuzi 29 hadi 32 zinatosha. Wa pembe tatu, pamoja na watoto wa aina zote mbili, wasivuke 29. Kama huna kipimajoto leo, weka mgongo wa mkono wako pale kwa nusu dakika. Ukitamani kuutoa, yeye hawezi kukaa hapo.

Na urudie kupima kila anapokua. Umbali uliouweka akiwa mdogo kama kidole hautamfaa akishaota kilemba. Pima pia kila ukibadilisha balbu na kila majira yanapobadilika.

Taa ikae nje ya kizimba, tena isilale juu ya wavu. Kinyonga hutembea kichwa chini akining'inia kwenye dari, na wavu ulio chini ya balbu hushika moto wa kuunguza nyayo. Iinue sentimita 10 hivi, uitundike kwa mnyororo badala ya kibanio kinachoweza kuachia, kisha uache sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye balbu mpaka mgongoni kabla ya kupima. Swichi ya kupunguza mwanga husaidia sana. Usiku zima yote, hata zile balbu nyekundu. Anahitaji giza na ubaridi ili alale.

Ikiwa ameshaungua, inua taa mara moja lakini usimnyime joto kabisa. Ukimkuta palepale, mdondoshee maji ya kawaida, si ya barafu, kwa dakika chache. Usimpake dawa ya meno, siagi, mafuta wala krimu za binadamu zenye dawa ya ganzi. Najua nyumbani tulilelewa na dawa ya meno kwenye majeraha ya moto, ila hapa inaharibu ngozi na kuzuia daktari kuona kidonda. Usipasue malengelenge. Mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua wanyama watambaao, ambaye mara nyingi hutoa krimu ya silva salfadiazini na kukuonyesha namna ya kuipaka. Wakati huo mnyunyizie maji mara nyingi zaidi, kwa kuwa ngozi iliyoungua hupoteza maji.

Ukiona usaha, harufu, uvimbe, au amefumba macho mchana, usingoje miadi ya wiki ijayo. Mpeleke siku hiyohiyo.

Kupona huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Vile vimiba vya mgongoni vilivyoungua huenda visiote tena. Na kila anapojivua gamba, ngozi ya zamani itang'ang'ania juu ya kovu. Usiivute. Ongeza unyunyiziaji siku hizo, asubuhi na jioni, uiache iachie yenyewe.