Kadi na Simu Darasani: Jinsi ya Kuliuliza Darasa Zima kwa Mara Moja

Mhadhiri wa chuo chochote hapa Kisumu akiuliza "Mmeelewa?", huitikiwa na wale wale watano wanaoketi mbele, na ukumbi mzima ukahesabiwa kuwa umeelewa. Dawa yake ni kuwataka wanafunzi wote wajibu swali moja kwa wakati mmoja, kwa simu au kwa kadi, pasipo yeyote kujua mwenzake amejibu nini.

Anza na swali, kisha ndipo utafute programu. Swali linalofaa ni lile ambalo majibu yake yasiyo sahihi yanashawishi. Katika somo la biolojia, kwa mfano, uliza: mua wa Muhoroni ukikaushwa kabisa, sehemu kubwa ya uzito unaosalia ilitoka wapi? Je, ni udongoni, majini, hewani au kwenye mbolea? Aliyekulia shambani na kubeba magunia ya mbolea huelekea kutaja mbolea au udongo, ilhali jibu ni hewani, kwa kuwa mmea huunda sukari na nyuzi zake kutokana na kaboni dayoksaidi.

Wape dakika moja au mbili za kufikiri kimya, wapige kura, kisha utazame matokeo peke yako. Mara ya kwanza nilipojaribu, niliyaonyesha kwenye projekta papo hapo, na kila mtu akahamia upande wenye kura nyingi. Mjadala ukafia hapo. Utaratibu alioanza kuutumia Eric Mazur katika masomo ya fizikia, Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka wa 1991, unafaa kufuatwa: waliopata wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, kila mmoja amtafute jirani mwenye jibu tofauti, wabishane kwa hoja, halafu wapige kura tena. Wakiwa chini ya hapo, fundisha upya. Wakizidi, eleza kwa kifupi na uendelee.

Programu za kupigia kura kama Kahoot, Mentimeter na fomu za Google zinahitaji simu janja na bando, na si kila mwanafunzi anavyo. Kwa sababu hiyo mimi hupendelea Plickers: kila mwanafunzi hushika kadi ya karatasi yenye mchoro wake wa pekee, akaigeuza ili herufi ya jibu lake iwe juu, na simu ya mhadhiri pekee ndiyo inayozisoma zote kwa kamera. Ukitaka kadi zidumu, usizifunike kwa plastiki inayong'aa, kwa maana mwanga wa dirishani ukiakisiwa, kamera haioni kitu.

Usitoe alama kwa jibu sahihi, la sivyo wataanza kunakiliana. Hata ukitoa alama za kushiriki tu, hesabu vichwa kwanza, kwani kadi ya aliyebaki hosteli huweza kuinuliwa na rafiki yake mwenye mikono miwili.