Ngozi ya Idi: chumvi kwanza, kivuli baadaye

Miaka hii Idi ya kuchinja inatuangukia Mei na Juni, mvua ya mwaka haijatuaga bado Mombasa. Nyama imeshagawiwa kabla ya adhuhuri, ngozi iko kwenye ndoo hadi jioni, kisha jaani. Ngozi ya udhia, yaani mnyama wa Idi, haiuzwi wala mchinjaji halipwi nayo, lakini msala mzuri wa kuswalia umo humo, na ngoma pia.

Kwa joto letu, anza kuishughulikia ndani ya saa nne tangu kuchuna. Vuta manyoya ya tumboni kwa vidole viwili: yakikubali kutoka, imeshaoza, hata kama hainuki.

Kisu kipasue mstari wa tumbo na ndani ya miguu tu. Baada ya hapo sukuma kwa ngumi, kwa sababu tundu dogo kwenye ngozi mbichi hupanuka ikiwambwa. Usiiburuze mchangani. Osha damu kwa maji safi, kwangua mafuta na mabaki ya nyama, itundike ichuruzike.

Wako wanaoipeleka pwani wakidhani bahari itaihifadhi. Lita ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, haitoshi kuzuia uozo. Ngozi mbichi ya kilo 2 inataka chumvi kama kilo 1. Nunua ya mawe, kama ile ya Gongoni huko Kilifi, uitwange hadi punje ziwe kama mchele. Ya unga hushikana mabonge na kuacha sehemu bila kitu. Tandaza ngozi upande wa nyama ukiwa juu, kwenye mbao zilizoinamishwa ili maji yatoke, kisha sugua hadi shingoni na kwenye kingo za miguu, ndiko watu husahau. Chumvi ya mwaka jana usiirudie, huleta madoa mekundu.

Mvua ikitulia, kung'uta chumvi uiwambe: miti minne, kamba ya usumba (nyuzi za kumbi la nazi), matundu pembezoni. Mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, lakini wewe vuta pande zote sawasawa, na usikaze mno kwani itanywea ikikauka. Isimamishe kivulini, chini ya makuti, upepo upite pande zote mbili.

Yangu ya kwanza niliianika juu ya bati saa sita mchana. Jioni ilikuwa kavu kama ubao, nikajisifu. Fundi wa ngoma alipoiloweka ikamkatikia mkononi vipande vipande. Jua lilikuwa limeipika.

Wazee waliikinga na uozo na kuitia rangi kwa gome la mkoko. Siku hizi mikoko haikatwi bila kibali, basi usiende kuichuna.

Ikikauka, iweke juu ya mbao, si sakafuni, na majani makavu ya mwarobaini katikati. Ipekue kila wiki. Ukiona unga mwembamba chini yake, wadudu wameingia: itoe nje, ipige kwa fimbo pande zote, ufagie mahali ilipolala kabla ya kuirudisha.