Risiti za mashine ya wakala: zisifutike kabla ya mzozo kufika

Chukua risiti ya mashine ya wakala wa benki uikwaruze kwa ukucha. Upande mmoja utatoka mstari mweusi, wa pili hautatoka kitu. Upande wa mstari umepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto. Mashine yenyewe haina wino hata tone, ina kichwa cha kuchapa kinachopata moto tu. Ndiyo maana roli ikiwekwa kinyume, muamala unapita na floti (salio lako la wakala kwenye akaunti) inasogea kama kawaida, lakini karatasi inatoka nyeupe. Ukibadilisha roli, fanya jaribio la ukucha kabla ya kufunga kifuniko.

Mashine nyingi za mkononi hutumia roli ya upana wa milimita 57 na kipenyo kisichozidi 40. Roli nene kuliko nafasi yake husugua kifuniko, karatasi ikawa inasuasua na mistari ya maandishi ikapandana. Ukiona rangi nyekundu pembeni mwa karatasi, roli inaisha: ibadilishe hapo hapo, usingoje imalizikie kwa mteja anayetoa laki tano.

Mstari mweupe unaoshuka wima katikati ya maandishi ni uchafu kwenye kichwa cha kuchapa. Zima mashine, iache ipoe, ufute kwa pamba yenye spiriti kidogo na usubiri ikauke. Usiguse kwa wembe wala bisibisi. Ukikikwaruza, mstari huo hautaondoka tena. Maandishi yakififia karatasi nzima, chaji betri kwanza. Yakiendelea, huenda lawama ni ya karatasi, na karatasi ya bei ya kutupa huwa hivyo.

Sasa adui wa kweli. Risiti ikitoka safi, bado inaweza kufutika kwa jua, joto, mafuta ya mikono, spiriti ya kusafishia mikono na plastiki laini. Mifuko ya plastiki ya kwenye mafaili ndiyo inayowaponza wengi, maana inaonekana kama ulinzi. Kumbe kilainishi kilichomo kwenye plastiki hiyo hula maandishi polepole. Selotepu juu ya maandishi hufanya vivyo hivyo, na gundi yenye harufu kali pia. Karatasi za nakala zisizotumia kaboni, kama za vitabu vya risiti vya madukani, zisilaliane na risiti hizi. Na usithubutu kuipeleka kwenye laminesheni: itarudi nyeusi tii.

Tumia bahasha ya kaki, moja kwa kila siku. Risiti zipangwe kwa saa, zibanwe kwa stepla juu kabisa pasipo na maandishi, kisha bahasha ziingie kwenye boksi lenye mfuniko, mbali na ukuta wa bati unaopigwa na jua. Ukitaka kuongeza maelezo, andika nyuma kwa kalamu ya kawaida. Miamala mikubwa, na ile yenye utata, itolee fotokopi siku hiyo hiyo. Fotokopi haififii namna ile.

Hata hivyo kumbukumbu ya kutegemewa ni kaunta buku. Risiti ni shahidi wake. Kila muamala uandikwe palepale, mteja akiwa bado dirishani: saa, aina (kuweka au kutoa), kiasi, namba ya kumbukumbu kama ilivyo kwenye risiti, tarakimu nne za mwisho za kadi au akaunti, na saini ya mteja kwa anayetoa. Namba ya siri haiandikwi popote, hata mteja akikutajia mwenyewe. Ukikosea, piga mstari mmoja, andika sahihi pembeni na utie saini. Ukurasa uliochanwa au kupakwa wino mweupe hauaminiki tena mbele ya mkaguzi.

Jioni, funga hesabu hivi. Tuseme asubuhi ulikuwa na taslimu 2,000,000 na floti 3,000,000. Wateja wameweka 850,000 na kutoa 620,000. Taslimu iwe 2,230,000 na floti 2,770,000. Jumla ibaki 5,000,000 kama hukuongeza mtaji wala kuchomoa kitu. Kamisheni iandike safu yake, isichanganywe humu.

Taslimu ulizohesabu zikitofautiana na za daftari, tazama tofauti yenyewe kabla ya kumlaumu mtu. Ikilingana na risiti moja, huenda muamala huo haukuandikwa. Ikiwa mara mbili ya risiti fulani, huenda umeandika kutoa mahali pa kuweka, au kinyume chake. Ikigawanyika kwa 9 bila baki, huenda tarakimu zimepishana: 54,000 na 45,000 hutofautiana kwa 9,000.

Mtandao ukikatika katikati ya muamala, usirudie wala usikabidhi fedha kabla ya kuangalia floti na orodha ya miamala ya mwisho. Kwenye mashine nyingi, namba ya jibu 00 ni muamala uliokubaliwa, 51 salio halitoshi, 91 benki ya mteja haipatikani. Risiti ya muamala uliokataliwa nayo itunzwe: mteja akija kesho akisema kakatwa, hiyo ndiyo ya kuanzia. Kama haikutoka risiti, chapisha tena kutoka kwenye menyu. Ikishindikana, andika kwenye daftari saa, kiasi na neno "haijakamilika", kisha piga simu benki ukiwa na namba ya mashine mkononi.

Kwa upande wa kodi, Tanzania na Kenya hutaka kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka 5, na karatasi hizi, hasa za bei nafuu, zinaweza zisifike huko zikisomeka. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi toa bahasha tatu nne za zamani uzikague. Zikianza kupauka, tolea fotokopi mwezi wote huo, kisha hamisha boksi. Juu ya kila bahasha andika tarehe, namba ya mashine, na namba ya kumbukumbu ya risiti ya kwanza na ya mwisho, ili siku ya mzozo usifungue boksi zima.