Somo: Vipande vya mkuyu kuzuia ukingo wa kijito usimegeke

Wakuu, tangu niweke picha ya ukingo wangu hapa, kila wiki naulizwa inbox lile lile: "Ulitumia mti gani?" Naandika mara moja, basi.

Kijito changu kina upana wa hatua 5 hivi, kipo Matombo, upande wa mashariki wa Uluguru, na maji yake yanaishia Ruvu. Ardhi yangu iliyomegeka watu wa Dar wameshainywa. Kama wako ni mto wa mamba na mitumbwi, somo hili si lako.

1. Mti ni mkuyu. Unashika kwa kipande bila kitalu, mizizi yake inafumana, na ni wa hapa hapa. Mwamba-ngoma nao unashika. Mkaratusi usiulete.

2. Kata vipande vya matawi vuli inapokaribia. Vuli ina mvua za kiasi, hivyo masika ikija na magogo yake mizizi imeshaanza kushika.

3. Unene wa kifundo cha mkono, urefu mita 1.5. Chini kata mshazari, juu kata bapa, usije ukapanda kichwa chini. Laza kivulini siku moja utomvu ukauke.

4. Anza kitakoni, yaani chini kabisa ya ukingo. Hapa ndipo nilipoumbuka. Mwaka wa kwanza nilipanda vipande 40 juu, kwenye mdomo wa ukingo, vimenyooka kama gwaride. Vikachipua, nikatamba. Masika mafuriko yakapita, hakikung'oka hata kimoja. Kesho yake maji yameshapungua, jua linawaka, nikasikia kishindo kama lori linamwaga kokoto. Pande zima la udongo limeshuka, na vipande 17 vimesimama wima juu yake, majani mabichi, katikati ya kijito.

Maji hula ukingo kwa chini mpaka juu kunabaki kibaraza kinachoning'inia. Mafuriko yakishuka, udongo umelowa na ni mzito, na maji yaliyokuwa yakiuegemeza yameondoka. Ndipo unaporomoka, tena mchana kweupe.

Kwa hiyo ukingo uliosimama kama ukuta uchonge kwanza ulale. Panga mawe makubwa kitakoni. Mstari wa kwanza wa vipande uwe nyuma tu ya mawe, ncha ya chini ifike kwenye udongo unaobaki na unyevu hata kiangazi. Kisha panda ukielekea juu. ANGALIZO: mawe yasichomoze kijitoni. Yatasukuma maji kwa jirani wa ng'ambo, na kesi hiyo utaijibu wewe.

5. Toboa shimo kwa mtaimbo, ingiza theluthi mbili ya kipande, shindilia udongo pasibaki uwazi. Usikigongelee kwa nyundo, kitapasuka.

6. Zungushia miiba. Mbuzi hawasomi somo.

MASWALI

Kijana wa Kilosa: Mkuu somo zuri sana. Sasa mti unaofaa ni upi?

– Hatua ya 1.

Fundi Zege: Hizi ni mbinu za mababu. Jenga ukuta wa mawe kwenye wavu umalize kazi.

– Nitumie hela ya wavu nijenge. Mimi nilikuwa na panga, mtaimbo na mkuyu wa shangazi. Wala sijasema mkuyu utashikilia daraja.

Mama Jeni: Samahani kaka, vyangu vilichipua vizuri, wiki ya 6 vikanyauka vyote. Kila Jumapili nilikuwa navivuta kidogo kuona kama vimeshika.

– Dada, ahsante kwa kusema ukweli, wengi wanavuta na hawasemi. Majani ya kwanza yanatokana na akiba iliyomo ndani ya kipande, mizizi inaweza kuwa bado. Ikitoka ni myembamba kama uzi, ukivuta umeikata. Kwangua ganda kidogo kwa ukucha: kijani kibichi, kipo hai, kahawia na kukavu, kimekwenda. Na usikivute tena mpaka masika ipite.

Kijana wa Kilosa: Mkaratusi je? Unakua haraka.

– Soma.

Mwanafunzi SUA: Shikamoo. Ile sheria ya mita 60 haikugusi?

– Marahaba, swali zuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Ndiyo maana kabla ya kuchonga ukingo nilikwenda ofisi ya kijiji, nawe nenda. Mahindi yangu niliyarudisha nyuma. Katikati ya mikuyu nimepanda mabingobingo: yanashika udongo wa juu wakati miti bado midogo, nami nakatia ng'ombe.

Mpare wa Same: Kuhusu mbuzi, sisi tunapaka vipande kinyesi cha ng'ombe kilichokorogwa na maji. Mbuzi ananusa, anapita.

– Hii sikuijua kabisa. Mvua ikinyesha je?

Mpare wa Same: Unapaka upya. Usivae shati la kanisani.