Jinsi ya kupanga handikapu ya haki kwenye ligi yenu ya pool: hesabuni gemu, sio mechi

Wakuu habari zenu. Ligi nyingi za pool za mtaani nilizocheza zimekufa kwa moja ya mambo mawili, ama wakali wawili wanabeba zawadi kila msimu mpaka wengine wanaona kiingilio ni sadaka, ama mnaamua kuwapa wachovu nyongeza, yaani handikapu, halafu inaanza vita ya nani kaonewa. Ya kwetu ilitaka kufa kwa hilo la pili. Tulikuwa watu 14, baa moja, meza mbili, kamati tukakaa tukagawa watu kwa macho tu, daraja A, B na C, tukasema A akikutana na C basi C anatolewa mipira yake miwili mezani kabla ya kuvunja. Wiki ya tatu watu wanapishana mlangoni hawasalimiani. Toka hapo nimelishughulikia hili jambo karibu miaka miwili na sasa ligi inaenda, kwa hiyo naandika tulichofanya na kwa nini, we chukua kinachokufaa.

Kwanza kabisa acheni handikapu ya mipira. Inaonekana ya kiungwana lakini ina shida mbili. Moja, kwenye 8-ball (pool ya kila mtu kumaliza mipira yake halafu kuzamisha nyeusi namba 8) mipira yako iliyoko mezani ndio inayomzibia mwenzako njia, ukimtolea mchovu mipira miwili umemsafishia mkali meza, nimeona kwa macho yangu mara nyingi tu mkali akifurahia hiyo "zawadi" aliyoitoa. Mbili, na hii ndio kubwa, gemu ikishachezwa kwa mipira pungufu matokeo yake hayakuambii tena nani ana uwezo gani, yaani umeharibu kipimo chako mwenyewe. Handikapu iwe kwenye idadi ya gemu za kufikia (gemu ni raundi moja, mechi ni gemu kadhaa mpaka mmoja afike idadi yake). Mkali afike 5, mchovu afike 3, na kila gemu ichezwe sawa kwa sawa. Hapo kila gemu inabaki kuwa taarifa safi unayoweza kuiandika kwenye daftari.

Sasa 5 kwa 3 inatoka wapi, maana hapa ndipo watu wengi wanabahatisha. Chukulia Juma na Hassan, daftari linasema wakikutana Juma anashinda gemu mbili kila Hassan anaposhinda moja. Wakicheza gemu moja tu Hassan ana nafasi 1 kati ya 3, sio mbaya. Lakini wakicheza mechi ya kufika 5 wote, Juma anashinda kama mara 86 kwenye kila mechi 100. Umeona hapo? Tofauti ni ile ile ya mbili kwa moja ila mechi ikiwa ndefu mkali anazidi kukomaa, bahati inaisha, na huyu Hassan akicheza msimu mzima anashinda mechi mbili anaacha. Mechi ya kufika 3 wote Juma anapata 79. Sasa mpe Juma afike 5 na Hassan afike 3, inakuwa 57 kwa 43. Mpe Juma 5 na Hassan 2, Juma anabaki na 35 tu, hapo sasa umemuonea Juma. Yaani gemu moja tu imegeuza mambo yote, ndio maana handikapu ya macho inaleta ugomvi, watu wanabishana 3 au 2 kama kitu kidogo kumbe ndio mechi yenyewe.

Maoni yangu, msitafute 50 kwa 50 kamili. Mwacheni mkali na kaupendeleo kadogo, 55 hadi 58 hivi, kwa sababu mtu ametoa jasho miaka kujifunza kuiweka nyeupe (mpira unaopigwa na fimbo) pale anapotaka, ukimfuta kabisa hana sababu ya kuja na wachovu nao hawana sababu ya kujifunza. Wengine wanapinga, sawa, ila kwenye ligi yetu hii ndio imekaa.

Tofauti ikiwa kubwa zaidi, tuseme mmoja anashinda gemu nne kila mwenzake anaposhinda moja, 6 kwa 2 inampa mkali kama 58, na 7 kwa 2 inakuwa karibu nusu kwa nusu. Hii 7 kwa 2 sio yangu peke yangu, ligi ya Marekani inayoitwa APA, ambayo wachezaji wa kulipwa wawili Terry Bell na Larry Hubbart waliianzisha mwaka 1979, kwenye 8-ball wanapanga watu ngazi ya 2 mpaka ya 7 na 7 akikutana na 2 mechi yao ni hiyo hiyo, mmoja afike 7 mwingine 2.

Haya, utajuaje tofauti ya watu ambao hawajakutana mara nyingi? Hapo ndio retingi inaingia, yaani namba inayoonyesha uwezo wa kila mtu. Sisi tulikopa wazo la FargoRate, mfumo wa retingi za pool wa Mike Page wa mji wa Fargo, North Dakota. Kanuni yake ni nyepesi ukiishika, tofauti ya pointi 100 maana yake mmoja anashinda gemu mbili kwa moja, pointi 200 ni nne kwa moja, pointi 300 ni nane kwa moja, na mkiwa sawa ni moja kwa moja. Wao wana kompyuta inayopitia gemu zote za watu wote kwa pamoja, sisi tuna daftari na kalkuleta ya simu, kwa hiyo tukarahisisha hivi.

Ligi ikianza upya kila mtu anaanza na 500. Kila gemu moja, sio mechi, nasema gemu, ina pointi 10 za kugombea. Mkiwa na retingi sawa, anayeshinda anachukua 5 kutoka kwa mwenzake. Tofauti ikiwa kama 50, mkubwa akishinda anachukua 4, mdogo akishinda anachukua 6. Tofauti ya 100 ni 3 kwa 7. Ya 200 ni 2 kwa 8. Ya 300 ni 1 kwa 9. Tofauti ikiangukia katikati tumia iliyo karibu. Mfano Juma ana 600, Hassan 500, wamecheza gemu 7, Juma kashinda 5 Hassan 2. Juma anapata 15 anatoa 14, kapanda pointi 1 tu. Hapo ndipo uzuri wake ulipo, Juma kashinda mechi 5 kwa 2 na retingi yake haijaenda popote maana amefanya kile kile kilichotegemewa. Angeshinda 5 kwa 0 angepanda 15. Tunatumia retingi ya mwanzo wa siku kwa hesabu ya siku nzima, tunaandika mpya Jumatatu, na karatasi inabandikwa ukutani pembeni ya rafu ya fimbo kila mtu aione. Ikibandikwa ukutani kelele zinapungua sana, niamini.

Onyo moja. Miezi miwili ya mwanzo hizo namba bado changa, msizichukulie kama msahafu. Wenyewe Fargo wanataka gemu 200 ndio wanasema retingi ya mtu imesimama. Sisi hatuna subira hiyo, kwetu mgeni anacheza gemu 30 za kwanza kwa pointi 20 badala ya 10 ili afike haraka mahali pake, na hagusi zawadi ya fainali kabla hajazimaliza. Na mgeni hatumpi 500 kwa upofu, wakali watatu wanamwangalia gemu kama kumi halafu wanasema huyu ni kama nani kati yetu, anaanzia retingi ya huyo. Ukianza naye 500 wakati ni fundi wa 650 utakuwa umewachinja watu wako wiki nne nzima.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe, kuficha kucha, yaani mtu kujifanya mchovu makusudi ili retingi yake isipande. Mfumo wowote wa handikapu mtu ataujaribu, tena kukiwa na hela. Tulikuwa na jamaa mmoja hapa kwetu, simtaji. Siku hiyo yuko 4 kwa 0, nyeusi imekaa kwenye mdomo wa shimo la kati, nyeupe iko nyuma yake kama kiganja kimoja, mstari mmoja kabisa, hata mtoto anazamisha. Akapaka chaki taratibu, akainama, akapiga kwa pembeni nyeusi ikagonga kona ikarudi mezani. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeumia kweli. Mechi akaimaliza 5 kwa 2. Wiki iliyofuata vile vile, anashinda kila mechi ila anaachia gemu mbili, retingi imelala pale pale. Fainali ilipofika akafuta meza (kazamisha yote bila mwenzake kupata zamu) mara tatu kwenye mechi moja, nyeusi moja akaizamisha kutoka ukuta hadi ukuta bila hata kupaka chaki. Niliumia sana siku ile kwa sababu aliyefungwa ni kijana aliyekuja kila wiki kwa daladala mbili na alijua kabisa kaibiwa.

Kosa lilikuwa letu, tuliacha gemu ziwe bure ukishaongoza. APA wao kwenye 8-ball wanaangalia umetumia zamu ngapi kumaliza gemu, wanaandika pia shuti za kujilinda na kuzitoa kwenye hesabu, ambayo ni sawa lakini inahitaji mwandishi makini kila meza, na mtu anayekosa makusudi anajiongezea zamu tu aonekane mchovu. Pia wana sheria kwamba watano wanaocheza usiku huo ngazi zao zisizidi 23 kwa jumla, kwa hiyo timu haiwezi kujaza mafundi watupu. Sisi tulichofanya ni kubadilisha kinachohesabiwa kwenye msimamo. Siku hizi tunacheza timu za watu watatu, kila mmoja anakutana na kila mmoja wa upande wa pili gemu mbili, jumla 18, na msimamo unahesabu gemu zote mlizoshinda. Timu yenye wastani mdogo wa retingi inaanza na gemu za mbele, wastani ukipishana 50 tunawapa 3, ukipishana 100 tunawapa 5 (hesabu kamili inasema 6 ila nimeshasema kuhusu upendeleo mdogo kwa wakali). Hapo ukikosa nyeusi makusudi umewaibia wenzako wa timu na wanakutazama usoni. Tukaongeza na sakafu, ndani ya msimu retingi haishuki zaidi ya 50 chini ya kilele chako.

Kitu kingine watu hawakioni, retingi ni ya mahali. 500 ya baa yetu sio 500 ya baa ya ng'ambo ya barabara kama hatujawahi kucheza nao, ni visiwa viwili. Mkitaka kuunganisha ligi mbili, chagueni watu wanne kila upande wachanganyike wacheze angalau gemu 100 kwanza, kisha mpandishe au kushusha upande mmoja wote kwa kiasi kinachoonekana. Na meza pia, angalia meza yenye mteremko, kwetu meza namba mbili ilikuwa inavuta upande wa dirishani na wenyeji walikuwa wanaijua, ilibidi tuweke vipande vya mbao chini ya miguu na kila pambano lianzie meza moja limalizikie nyingine.

Kama mna daftari la zamani lenye matokeo ya gemu kwa gemu msianze na 500, pitisheni gemu zote za nyuma kwenye kanuni ile ile kuanzia ukurasa wa kwanza, mtapata namba zenye maana siku hiyo hiyo. Kama limeandikwa nani kashinda mechi tu bila gemu, hilo haliwasaidii, nunueni jipya na muanze Jumatatu.